Gazeti Hufika Kabla ya Waraka

Chanjo ya korona ilizinduliwa Uganda Jumatano ya tarehe 10 Machi 2021, katika Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago. Siku tano kabla ya hapo, dozi 864,000 za AstraZeneca zilizotengenezwa na Serum Institute ya India zilishushwa Entebbe kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Waliopangwa kutangulia ni wahudumu wa afya, 150,000 kwa hesabu ya Wizara ya Afya. Alhamisi, kabla hata mkono haujaacha kuwauma waliochanjwa Mulago, Denmark ikatangaza kuisimamisha chanjo hiyo hiyo kwa sababu ya taarifa za watu walioganda damu. Norway na Iceland zikafuata siku ile ile. Ijumaa Kongo, jirani ya Uganda, ikaahirisha uzinduzi wake. Jumatatu zikaja Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uhispania.

Muuguzi wa kituo cha afya cha Kisenyi au Kawaala, jijini Kampala, aliianza wiki ile jina lake likiwa kwenye orodha ya watakaochanjwa na gazeti likiwa mezani. Waraka wa wizara wa kumweleza la kufanya ulikuwa bado njiani.

Tunapozungumzia magazeti na chanjo tumezoea kuanzia kwenye uzushi: sindano inayofunga kizazi, chipu ndani ya dawa, njama za Wazungu. Wiki ile haikuhitaji uzushi. Denmark ilisimamisha kweli, na Ujerumani ilisimamisha kweli. Gazeti la Kampala lililoandika hivyo liliandika ukweli, na mhariri aliyeipa habari hiyo ukurasa wa mbele alifanya kazi anayolipwa kuifanya. Hata hivyo mtu aliyeisoma akiwa zamu alibaki na mashaka ambayo hakuwa nayo Jumanne. Kwa maoni yangu, swali zima la magazeti na wahudumu wa afya linaanzia hapo. Gazeti lina nguvu juu ya mhudumu hata pale lisipomdanganya. Linamfikia kabla ya mwajiri wake, linamkuta peke yake, kisha linamwachia kazi ya kuwajibu wagonjwa waliosoma ukurasa ule ule.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini msomi wa tiba ategemee gazeti. Lakini tazama elimu yenyewe ilivyo. Muuguzi au mkunga aliyehitimu miaka kumi na mitano iliyopita hakuwahi kufundishwa chanjo ya korona, wala ya rota, iliyoingia kwenye ratiba ya Uganda mwaka 2018, wala ya malaria, iliyoanza 2025. Chanjo ya nimonia iliingia 2013, ya saratani ya mlango wa kizazi ikaenea nchi nzima 2015, ya surua na rubella pamoja ikaja 2019. Kwa kila chanjo mpya huandaliwa semina, na semina hufundisha mambo ya kazi: joto la jokofu, pembe ya sindano, fomu ya kujaza, siku ya kurudi. Mambo ya namna dawa ilivyojaribiwa, kwa watu wangapi, na madhara adimu hupimwaje, hupitiwa juu juu au hayaguswi. Majarida ya kitabibu yapo, mengine ya kulipia, na hakuna anayeyasoma kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Kwa hiyo kwa wengi jarida la kitabibu la kila siku ni New Vision au Daily Monitor, na kwa wasomao Kiganda, Bukedde.

Magazeti hayo hayafanani. New Vision, lililoanza 1986, lina serikali kama mwenye hisa mkubwa. Daily Monitor lilianzishwa 1992 na leo ni la Nation Media Group ya Nairobi. Bukedde ni ndugu wa New Vision na husomwa na watu wa sokoni na stendi ya teksi kuliko yote mawili. Lakini nakala ya karatasi ni mwanzo tu wa safari. Asubuhi redio na televisheni za Kampala husoma vichwa vya habari na kuvijadili, na kabla ya saa tatu picha ya ukurasa wa mbele imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, likiwemo kundi la wafanyakazi wa kituo. Picha ile ina kichwa cha habari na aya mbili za kwanza. Aya ya tisa, aliponukuliwa mtaalamu anayeweka mambo sawa, imebaki ukurasa wa nne kwenye nakala ambayo hakuna aliyeinunua. Tena kumbuka kwamba Facebook ilikuwa imefungwa Uganda tangu uchaguzi wa Januari 2021, na waliotaka kuingia walitumia njia za kuzunguka. Mwezi ule wa Machi kundi la WhatsApp na ukurasa uliopigwa picha vilibeba mzigo mkubwa kuliko kawaida.

Tuitazame chupa yenyewe, maana ndani yake ndimo maoni ya mhudumu yanapogeuka kitendo. Chupa ya AstraZeneca iliyotoka India ilikuwa na dozi kumi. Ikishafunguliwa ina saa sita, kisha inamwagwa. Muuguzi anayekaa mezani ana watu wanne kwenye benchi na saa imefika saba mchana. Afungue, akijua kwamba pengine dozi sita zitamwagika na ataulizwa? Au awaambie warudi kesho? Muuguzi anayeiamini chanjo hutoka nje, huita, hupiga simu kwa VHT, yule mhudumu wa kujitolea wa mtaani, hutafuta watu sita. Mwenye mashaka yake kimya kimya hasemi neno lolote baya juu ya chanjo. Anasema tu, "Rudini kesho asubuhi." Hakuna dodoso linaloweza kunasa tofauti hiyo, maana wote wawili wakiulizwa watajibu kwamba wanaunga mkono chanjo. Mashaka ya mhudumu wa afya mara nyingi hujitokeza kama uvivu au utaratibu: sauti isiyopanda, kadi inayorudishwa bila maelezo, swali la mama linalojibiwa kwa "hata sisi tunasikia hivyo hivyo."

Jibu hilo la mwisho ndilo la hatari. Mama anayeuliza "Musawo, ni kweli hii inagandisha damu?" (musawo ni mtabibu kwa Kiganda) haombi takwimu. Anamtazama muuguzi usoni, anataka kujua kama yeye mwenyewe amechanjwa.

Wiki ile ya Machi magazeti yalipungukiwa na vitu viwili, na vyote viwili vilikuwepo hadharani. Cha kwanza ni namba ya chini, yaani kati ya wangapi. Tarehe 18 Machi mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tathmini yake: kati ya watu wapatao milioni 20 waliochanjwa Uingereza na Ulaya, ilikuwa imechunguza visa 25 vya ile aina adimu ya damu kuganda, saba vya mishipa mingi na kumi na vinane vya mishipa ya ubongo. Kichwa cha habari kinachosema "Nchi zasimamisha chanjo" kina nchi ndani yake, na nchi ni kitu kikubwa. Visa 25 katika milioni 20 havijazi kichwa cha habari. Cha pili ni asili ya dozi. Toleo lililotiliwa shaka mwanzoni kule Austria, namba ABV5300, lilikuwa limegawiwa nchi 17 za Ulaya. Za Uganda zilitoka kiwanda kingine, Pune. Hilo halikuwa jibu la mwisho, kwa sababu wasiwasi baadaye ulihusu chanjo yenyewe kuliko toleo moja. Lakini kwa muuguzi wa siku ya pili lingekuwa jambo la kushika.

Na uaminifu unatutaka tuongeze kwamba mashaka yale hayakuwa upuuzi. Tarehe 7 Aprili mamlaka hiyo hiyo ya Ulaya ilikiri kwamba upo uwezekano wa uhusiano, na damu kuganda kwa namna ile ikaandikwa kama dhara adimu sana la chanjo. Anayetamani magazeti ya Kampala yangenyamaza ili wahudumu wasiogope anataka kitu ambacho kingeleta balaa kubwa zaidi mwezi mmoja baadaye. Habari ilistahili kuandikwa. Ilistahili kuandikwa mara ya pili pia, tarehe 19 Machi, na mara ya tatu Aprili, kwa ukubwa ule ule. Hapo ndipo vyumba vya habari huchoka. Kusimamishwa ni tukio, lakini kuruhusiwa tena huonekana kama kurudi kwa hali ya kawaida, na hali ya kawaida hainunuliwi.

Kuna kipimo kimoja cha wakati huo kinachofaa kukumbukwa. Katika mwezi huo huo wa Machi 2021, watafiti wa Uganda waliwauliza wanafunzi 600 wa udaktari kama wangekubali chanjo ya korona. Waliokubali walikuwa asilimia 37.3, na waliositasita asilimia 30.7. Hao ni madaktari wa kesho, wenye intaneti, walimu na maktaba. Sitadai kwamba ni magazeti yaliyowafanya hivyo. Kutenganisha athari ya gazeti na ya simu, ya mchungaji, ya mjomba na ya daktari mkuu wa wodi ni kazi ngumu, na mtu mwenye mashaka hutafuta gazeti la kumuunga mkono kama vile gazeti linavyomtafuta yeye. Lakini kipimo hicho kinavunja dhana moja iliyozoeleka wizarani, kwamba tatizo la chanjo ni la wanavijiji wasiosoma. Hapa tunazungumzia wanaosoma kuliko wote.

Wala si ugonjwa wa Afrika. Mwaka 1998 jarida la Lancet la London lilichapa makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji, na magazeti ya Uingereza yakaifanya vita ya miaka. Mwaka 2001 British Medical Journal lilichapa uchunguzi wa wahudumu wa afya wa kaskazini mwa Wales. Karibu nusu yao, asilimia 48, walikuwa na wasiwasi juu ya dozi ya pili, na katika wauguzi wa zahanati asilimia 27 waliona inawezekana chanjo hiyo inahusiana na usonji. Makala ya Wakefield ilifutwa na Lancet mwaka 2010. Aliyeifukua zaidi alikuwa mwandishi wa habari, Brian Deer wa Sunday Times. Kwa hiyo gazeti liliwasha na gazeti likazima, ila kati ya moja na jingine ilipita zaidi ya miaka kumi, na wauguzi wale waliendelea kuchanja siku zote hizo, au kutochanja.

Sasa tugeuze swali, maana limeulizwa upande mmoja mno. Mhudumu wa afya anasoma gazeti, na gazeti nalo linamsoma yeye. Nenda kwenye habari yoyote ya chanjo uangalie nani amenukuliwa: ni daktari, muuguzi asiyetaka jina litajwe, mganga mkuu wa wilaya. Kenya ilitoa mfano mchungu. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini humo walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa kitu cha kuzuia mimba, na waliosimama nyuma ya dai hilo walikuwa pia madaktari Wakatoliki. Dai lilipata nguvu kwa kuwa lilivaa koti jeupe. Mmoja wao, Dk. Stephen Karanja, aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao, aliendelea kuipinga hadharani chanjo ya korona, naye alifariki kwa ugonjwa huo Aprili 2021. Magazeti yalikuwa yakisafirisha maoni ya wahudumu kutoka mmoja kwenda kwa wengine elfu, yakiwa yamechapwa na hivyo kuonekana mazito kuliko yalivyotoka mdomoni. Katika mzunguko huo ni vigumu kusema nani amemwambukiza nani.

Kampala nayo ina mzunguko wake. Msemaji wa Wizara ya Afya aliyekuwa akijibu maswali ya waandishi wakati wa korona, Emmanuel Ainebyoona, aliwahi kuwa mwandishi wa Daily Monitor. Hilo si kosa, pengine ni faida. Mtu anayejua saa ya mwisho ya chumba cha habari hujibu simu kabla ukurasa haujafungwa. Lakini linaonyesha wizara imejifunza kuongea na nani. Ina mtu wa kumjibu mhariri ndani ya saa moja. Muuguzi wa Kiswa anayeuliza swali hilo hilo ana mnyororo wa kupita: mkuu wa kituo, jiji, wizara, kisha kurudi. Akilipata jibu, mara nyingi amelipata gazetini.

Ninachoona kimesahaulika zaidi katika mjadala huu ni fedha na wizi. Watu wa chanjo wanapohesabu habari mbaya, wanahesabu habari za madhara: homa, vifo, damu. Mhudumu wa afya wa Uganda amesoma habari mbaya za chanjo kwa miongo miwili, na nyingi zilihusu mahakama. Mei 2007 waliokuwa mawaziri watatu wa afya walikamatwa kwa tuhuma za fedha za Gavi, muungano wa kimataifa unaogharimia chanjo za watoto, na kesi ikaendelea kwa miaka. Wawili waliachiwa. Wa tatu alihukumiwa miaka minne Januari 2013, akaachiwa kwa rufaa mwaka huo huo. Sheria ilimaliza kazi yake na wote waliondoka wakiwa huru. Lakini mtu aliyetembea kwa mguu siku ya chanjo akiwa na kisanduku cha barafu begani, akisubiri posho ambayo haikuja, alisoma kesi ile kama mfanyakazi. Kwake chanjo ikaingia katika fungu la mambo ambayo wakubwa hula na wadogo hubeba. Mashaka ya aina hiyo hayatibiwi kwa semina ya kinga ya mwili. Huyu anaamini kabisa kwamba chanjo inafanya kazi, lakini ameacha kuwaamini wanaoileta.

Mwaka 2018 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ilitangaza kwamba chanjo bandia za homa ya ini B zimekutwa katika vituo vya afya. Fikiria maana yake kwa mtu anayejichoma na sindano kazini, ambaye chanjo hiyo ni ngao yake mwenyewe kabla ya kuwa ya mgonjwa. Kisha ikaja Julai 2021. Kitengo cha Ikulu kinachofuatilia huduma za afya, chini ya Dk. Warren Naamara, kilieleza kwamba watu wasiopungua 800 walichomwa chanjo bandia za korona kati ya Mei na Juni, kipindi wimbi la pili lilipokuwa likiua na dozi zimekwisha. Baadhi ya chupa zilikutwa na maji. Wahudumu wawili wa afya walikamatwa na daktari mmoja akawa anatafutwa.

Habari hiyo ilistahili kila inchi ya karatasi iliyopewa. Hata hivyo ilikuwa na wasomaji wa aina mbili. Msomaji wa kawaida alijiuliza: je, niliyochomwa mimi ilikuwa dawa au maji? Muuguzi mwaminifu wa Naguru alijiuliza: kesho watanitazamaje? Kitengo hicho kimejijengea desturi ya kuvamia vituo na kuwakamata watumishi mbele ya waandishi, na picha za wauguzi waliofungwa pingu zimekuwa sehemu ya kawaida ya kurasa za afya. Mtu anayejiona gazetini kama mtuhumiwa hubadilika hata namna ya kusimama mezani. Anaanza kujikinga. Anataka kila kitu kiandikwe, hafungui chupa ya dozi kumi kwa ajili ya watu wanne, hasemi zaidi ya alichoambiwa aseme. Ukimwona kwa nje utasema ana mashaka na chanjo.

Habari njema nazo zina madhara yake, ingawa hakuna anayezihesabu. Gazeti lililo karibu na serikali huandika kwamba dozi zimewasili, walengwa wote watafikiwa, wananchi wajitokeze. Wananchi hujitokeza. Katikati ya Juni 2021, wimbi la pili lilipopamba moto na Rais akatangaza kufunga nchi kwa siku 42, waliokuwa wameipuuza chanjo mwezi Machi walifurika vituoni, na shehena iliyofuata, dozi 175,200 kutoka Ufaransa, ilikuwa tone. Aliyesimama mlangoni kuwaambia watu kwamba hakuna ni muuguzi, huku mmoja wao akimwonyesha gazeti lenye tarehe ya leo. Ukifanyiwa hivyo mara tatu, unajifunza kutosadiki kurasa za sifa, na ukishaacha kuzisadiki unazisadiki zaidi kurasa za lawama. Baadaye mambo yakapinduka kabisa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilionyesha kwamba zaidi ya dozi milioni tano za korona, zenye thamani ya shilingi bilioni 28, ziliisha muda zikiwa ghalani. Dozi hizo nazo zilipewa kichwa chao cha habari.

Zamani redio ndiyo iliyotisha kuliko karatasi. Siku za kitaifa za chanjo ya polio zilipoanza miaka ya 1990, upinzani uliotikisa magharibi mwa nchi ulitoka kwenye kituo cha redio cha mtu mmoja, Kihura Nkuba. Na Uganda ilipojiandaa kuwa nchi ya kwanza Afrika kujaribu chanjo ya VVU, jaribio lililoanza 1999 kwa watu 40 tu chini ya Profesa Peter Mugyenyi, ubishi wa bungeni na magazetini juu ya Waafrika kufanywa wanyama wa maabara uliichelewesha kazi. Waliosoma ubishi ule wakiwa wauguzi vijana ndio leo wakuu wa vitengo. Ukikutana na msimamizi wa zamu mwenye miaka hamsini na kitu anayesema "hizi dawa za majaribio" kwa sauti ya kuvuta, usimhesabu kama mtu aliyepotoshwa na WhatsApp. Mashaka yake ni ya zamani kuliko simu yake.

Lipo jambo moja linalonifanya nisite kukubali kwamba gazeti linatawala kichwa cha mhudumu wa afya, nalo ni Ebola. Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa aina ya Sudan huko Mubende, ambao hata Kampala uliifikia. Ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023 ulikuwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa na vifo 55, na katika walioambukizwa 19 walikuwa wahudumu wa afya, saba wakafa. Chanjo za majaribio zilifika Desemba, wagonjwa wameshaisha. Kisha tarehe 30 Januari 2025 ugonjwa ukarudi, na aliyetangulia alikuwa muuguzi wa kiume wa miaka 32 wa Mulago. Siku nne baadaye, tarehe 3 Februari, jaribio la chanjo kwa waliomkaribia mgonjwa lilianza Kampala, na wengi wa waliomkaribia walikuwa wenzake wa kazini.

Ilikuwa chanjo isiyo na kibali, ambayo haijawahi kuthibitishwa kwa mlipuko wa aina ile, iliyokuja kwa haraka ambayo mwaka 2021 ingeitwa jambo la kutilia shaka. Kwa kila kigezo kilichowafanya watu waiogope AstraZeneca, hii ilistahili hofu zaidi. Lakini mazungumzo yake hayakufanana na yale ya korona. Magazeti yaliandika juu ya muuguzi yule wa Mulago, aliyekufa, na wahudumu wenzake walimjua. Kila mtumishi wa afya Uganda anajua habari za Dk. Matthew Lukwiya wa Lacor, aliyekufa Desemba 2000 akiwahudumia wagonjwa wa Ebola huko Gulu, katika mlipuko ulioua watu 224. Habari za Lukwiya ziliandikwa, zikasimuliwa, zikawa sehemu ya namna wahudumu wanavyojifikiria wenyewe. Nadhani hapo uandishi wa habari ulifanya kazi kubwa kuliko ule wa Machi 2021, tena bila kukusudia: uliwapa watu wa afya ugonjwa wenye sura na jina. Korona ya Machi 2021 ilikuwa bado ya mbali kwa wengi, wimbi la kwanza limepita na lile baya halijafika. Hatari ya chanjo ilikuwa na nchi nyingi nyuma yake, na hatari ya ugonjwa haikuwa na jirani hata mmoja. Wimbi la pili lilipowaletea majirani, foleni ikajiunda yenyewe, na AstraZeneca ikiwa ile ile.

Kwa hiyo gazeti linamwelekeza mhudumu pale ambapo kazi yake haijamwonyesha kitu. Panapokuwa na pengo, ukurasa hulijaza. Wizara inayotaka kupunguza nguvu hiyo ingeanza na saa kuliko na maudhui. Taarifa fupi ya ukurasa mmoja, iliyotumwa kwenye simu za wakuu wa vituo vya Kampala jioni ya tarehe 11 Machi, ikisema tunajua nini na hatujui nini, ingewakuta wauguzi kabla ya teksi ya asubuhi. Isingehitaji kumaliza ubishi. Ingempa mtu wa mezani sentensi ya kumwambia mama. Kwa upande wa wahariri, ningependa jambo dogo kuliko maadili: daftari la marejeo. Kila habari ya chanjo iliyokwenda ukurasa wa mbele iwekewe tarehe ya kurudiwa, tukio lipya liwepo au lisiwepo.

Jaribio la daftari hilo limeshajileta. Aprili 2025 Uganda ilizindua chanjo ya malaria, R21, wilayani Apac, na ikapelekwa katika wilaya 105 zenye malaria nyingi na ya wastani. Uzinduzi ulipata picha zake, mawaziri wake na kurasa zake, kama uzinduzi wowote. Ratiba ya chanjo hii, hata hivyo, ni dozi nne: mtoto akiwa na miezi sita, saba, minane, halafu kumi na minane. Kati ya dozi ya tatu na ya nne mtoto anatembea, mama amerudi kazini, kadi iko chini ya godoro, na mtoto huyo huyo katika miezi hiyo kumi pengine ameshaugua malaria, maana chanjo inapunguza, haiondoi. Mama atafika kituoni, au hatafika, akiwa na swali la haki kabisa: kama alichanjwa mara tatu na bado ameugua, ya nne ya nini? Mwaka mmoja baada ya picha za Apac, muuguzi wa kulijibu hana ukurasa wa mbele mezani, kwa sababu dozi ya nne haina uzinduzi.